Lita Moja na Nusu Iliyokataa Kuingia

Nilipomwaga kulanti ya zamani ya gari langu, yaani kimiminika cha kupozea injini, kwa mara ya kwanza, niliikinga kwenye beseni, kisha nikaipima kwa jagi lenye alama za lita kabla ya kuihamishia kwenye dumu. Ilikuwa lita 5.4. Niliipima kwa sababu nilitaka kujua dumu la ukubwa gani lingetosha, basi. Baadaye nilifunga kizibo cha chini cha rejeta, kile kifaa ambamo kulanti hupozwa kwa upepo, nikachanganya kulanti mpya na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, nikamimina mpaka ikafika shingoni, nikaridhika kwamba imejaa, nikafunga mfuniko. Nilikuwa nimemimina lita 3.9. Ile tofauti ya lita moja na nusu niliiona kwa macho yangu, na sikuiuliza swali lolote.

Dakika kumi hivi baada ya kuondoka, hita iliyokuwa ikipuliza joto ilianza kupuliza baridi. Nyuma ya dashibodi kukasikika mchuruziko, kama maji yanayopita juu ya kokoto. Mshale wa geji ya joto, ambao kwa miaka yote niliyokuwa na gari hilo haukuwahi kuvuka katikati, ulipanda ukakaribia alama nyekundu, ukaporomoka ghafla mpaka chini ya kawaida yake, kisha ukaanza kupanda tena. Niliegesha pembeni, nikazima injini, nikafungua boneti na kusubiri zaidi ya saa nzima bila kuugusa mfuniko wa rejeta. Hakuna tone lililokuwa limemwagika nje, wala mpira uliopasuka, wala pampu iliyovuja. Kilichokuwa ndani ya injini ni hewa, nami ndiye niliyeifungia humo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha kulanti mara nyingi, kwenye magari yangu na ya jamaa zangu, na kila mara jagi huwa karibu. Kwangu mimi kazi hii haiishi pale kulanti inapofika shingoni. Inaisha pale kiasi kilichoingia kinapolingana na kiasi kilichotoka, na kati ya hatua hizo mbili kuna kazi ya saa mbili au tatu ambayo watu wengi huiruka.

Ili kuelewa kwa nini hewa kidogo inaweza kuiunguza injini nzima, inafaa kulinganisha uwezo wa vitu hivi viwili wa kubeba joto. Lita moja ya maji hubeba takriban kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda. Lita moja ya hewa ya kawaida hubeba zaidi kidogo ya juli moja tu, yaani maji huishinda kwa zaidi ya mara elfu tatu. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu hubeba pungufu kidogo kuliko maji matupu, lakini bado umbali kati yake na hewa ni mkubwa kiasi kwamba, mbele ya chuma chenye moto, hewa ni sawa na kutokuwepo kitu. Mahali popote ambapo kiputo kimekaa juu ya ukuta wa silinda au karibu na vali za kutolea moshi, joto halina anayelibeba. Chuma cha hapo hupanda joto peke yake huku chuma cha jirani kikiwa salama, na silinda hedi ya aluminiamu, yaani kifuniko kinachokaa juu ya silinda, ikipashwa namna hiyo, upande mmoja zaidi ya mwingine, hupinda. Ikipinda, gasketi yake, ule utando unaoziba kati yake na injini, huachia, na kazi iliyoanza kwa dumu la kulanti huishia kwenye kufumua injini.

Tatizo la pili ni pampu ya maji. Pampu ya gari ni ya mapanga yanayozunguka na kurusha kimiminika kutoka katikati kwenda pembeni. Inafanya kazi vizuri sana ikiwa imezama, lakini hewa ikiizunguka, mapanga huzunguka bure, kwa sababu hewa ni nyepesi mno kurushwa kwa nguvu ya kuisukuma safu ya maji iliyo mbele yake. Kwa hiyo kiputo kikubwa kikikaa mahali pa juu, hakisukumwi mbele. Hukaa palepale na kuuziba mzunguko kama kizibo. Ndiyo maana hita hupoa. Kiini cha hita, ile rejeta ndogo iliyo nyuma ya dashibodi, mara nyingi huwa miongoni mwa sehemu zilizoinuka zaidi katika mfumo mzima, na hewa hupenda kukimbilia huko.

Kuhusu geji ningependa kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu madereva wengi huiamini kupita kiasi. Kitambuzi cha joto hupima kile kinachokigusa, basi. Kikiwa kimezama kwenye kulanti, husema ukweli wa kulanti. Kikiwa ndani ya kiputo, kinaweza kuonyesha joto la chini wakati chuma kilicho sentimita chache kando yake kinaungua, kisha mvuke ukikipitia kikaruka juu ghafla. Kuruka na kuporomoka kwa mshale ndiko dalili yenyewe. Isitoshe, geji za magari mengi ya kisasa zimepangwa zitulie katikati ndani ya upana mkubwa wa joto ili zisimtie dereva wasiwasi, hivyo mshale unapoanza kusogea, mambo huwa yamekwisha kwenda mbali. Nikiwa na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, hukichomeka na kutazama namba halisi ya nyuzi. Nisipokuwa nacho, huiamini hita kuliko geji. Upepo wa hita ukiwa wa moto mfululizo, ujue kulanti inapita. Ukianza kupoa huku injini ikiwa imepata moto, kuna mahali hewa imekaa au kulanti imepungua.

Kisha kuna themostati, mlango unaobaki umefungwa mpaka kulanti iliyo kwenye injini ipate moto, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 95 kutegemea injini. Ndani yake kuna nta inayoyeyuka na kutanuka, ikisukuma kipini kinachoufungua mlango. Unapomimina kulanti baridi kwenye rejeta, mlango huu umefungwa, hivyo hewa iliyo upande wa injini inakuwa imefungiwa chumbani. Waundaji wanalijua hilo, na themostati nyingi zina tundu dogo lenye kipini kinachochezacheza, kinachoruhusu hewa ipite polepole wakati wa kujaza. Aliyebadilisha themostati na kuiweka tundu likiwa chini badala ya juu ameuondoa msaada huo mdogo bila kujua, kwa kuwa hewa hutafuta juu na tundu linaisubiri chini. Nimewahi kufungua themostati ya gari la ndugu yangu lililosumbua kutoa hewa kwa siku mbili, nikakuta hivyo hivyo. Nilipoizungusha, kazi iliisha mchana uleule.

Sasa niseme ninavyofanya mwenyewe. Injini iwe baridi kabisa, na nikisema baridi ninamaanisha mpira wa juu wa rejeta ukiushika hauna hata uvuguvugu. Kulanti chini ya mfuniko uliofungwa iko kwenye mgandamizo, katika magari mengi karibu bari moja juu ya ule wa kawaida, na mgandamizo huo ndio unaoiwezesha kupita nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguliwa wakati huo, mgandamizo hutoweka mara moja na kulanti hugeuka mvuke papo hapo, ikamrukia usoni na mikononi aliyeufungua. Katika kazi hii yote, hakuna jambo lingine ambalo ningelisisitiza kwa nguvu kama hili.

Gari husimama nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu injini itanguruma kwa muda mrefu na moshi wake una sumu. Breki ya mkono huwa imevutwa na magurudumu yamewekewa vigingi. Halafu hutazama: katika mfumo huu, sehemu ya juu kabisa ni ipi, na ninamiminia wapi? Swali hili ndilo linaloamua kama pua ya gari iinuliwe. Kwenye gari ambalo unamiminia kwenye rejeta yenyewe, kuinua mbele kwa jeki na kuweka stendi imara, au kuegesha kwenye mwinuko pua ikitazama juu, kunaifanya shingo ya rejeta kuwa kilele, na hewa ikipanda itafikia hapo. Lakini ziko gari ambazo humiminiwa kwenye tangi lililo karibu na kioo cha mbele, na hapo kuinua pua kunaweza kuihamishia hewa kwenye rejeta, mbali na mahali pa kutokea. Nimeona watu wakiinua pua kwa mazoea tu. Kwanza tafuta kilele, ndipo uinue.

Kama injini ina skurubu za kutolea hewa, huzifungua kabla ya kumimina, na kuzifunga moja baada ya nyingine kila inapoanza kutoa kulanti mfululizo bila kukohoa. Nyingi ni za plastiki na hukatika kirahisi zikishazeeka kwa joto, kwa hiyo huzizungusha kwa vidole au kwa bisibisi iliyokaa sawasawa, na hukaza kwa kiasi tu. Joto la hita huwekwa juu kabisa na feni yake kwenye kasi ya chini. Katika baadhi ya magari hilo hufungua vali inayoruhusu kulanti kuingia kwenye kiini cha hita. Katika mengine kulanti hupita humo muda wote na kitufe hugeuza tu njia ya upepo, lakini hata hapo hita inabaki kuwa shahidi wangu.

Kumimina kuwe polepole. Kulanti inayoshuka na hewa inayopanda hutumia mlango mmoja, na ukimimina kwa pupa unaizuia ile inayotaka kutoka. Mimi hutumia faneli ndefu inayobana kwenye shingo ya rejeta bila kuvuja, ambayo inabaki na kulanti juu ya usawa wa mfumo wote. Faida yake ni mbili: shingo inainuka zaidi, na kila kiputo kinapotoka, kulanti iliyo kwenye faneli inachukua nafasi yake mara moja badala ya hewa nyingine kuingia. Faneli ikiwa na kulanti, hukamua mipira mikubwa ya rejeta kwa mkono, naibana na kuiachia taratibu, huku injini bado imezimwa. Hapo ndipo viputo vikubwa hutoka kwa mlio wa kububujika. Siku ile ya kwanza, niliporudia kazi upya kwa utaratibu huu, kukamua mipira peke yake kuliingiza lita 0.6.

Ndipo huwasha injini na kuiacha ingurume yenyewe. Kwa dakika za mwanzo hakuna kikubwa, isipokuwa viputo vidogo kama chembe za mchanga vinavyopanda mfululizo. Vidogo hivi visimtishe mtu, kwa kuwa kimiminika baridi hubeba hewa iliyoyeyuka ndani yake, na kikipata moto huiachia. Baada ya muda mpira wa juu wa rejeta, uliokuwa vuguvugu, huwa wa moto ghafla, na karibu wakati huohuo kulanti kwenye faneli hushuka kama imemezwa. Themostati imefunguka. Hewa iliyokuwa upande wa injini imepata njia, na nafasi yake imejazwa. Mtu asipokuwa amesimama hapo na kulanti ya kuongeza mkononi, faneli hukauka na hewa mpya huingia. Siku ile, mmezo huo na mingine midogo iliyofuata ilichukua lita 0.5.

Themostati ikishafunguka, hukanyaga mafuta polepole mpaka mizunguko kama 2,000 kwa dakika, nashikilia kidogo, kisha naachia. Mkondo wa kasi hung'oa viputo vilivyoshikilia kwenye pembe, na kasi ikishuka vinapata nafasi ya kupanda. Narudia hivyo mara kadhaa, mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe mara mbili na viputo vikubwa vikome. Mikono na nguo huwekwa mbali na mikanda na feni. Feni ya umeme inaweza kuwaka wakati wowote, hata injini ikiwa imezimwa. Na kwa kuwa mfuniko uko wazi wakati wote huu, kulanti haina mgandamizo na itachemka kwenye nyuzi 107 hivi kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, hivyo joto likipita lile la kawaida na feni haijawaka, huzima na kutafuta sababu kabla ya kuendelea.

Hatua inayofuata ndiyo watu huiharibu kwa haraka: kuacha injini ipoe faneli ikiwa bado mahali pake. Kulanti inayopoa husinyaa, na kusinyaa huko huvuta kulanti kutoka kwenye faneli hadi kwenye nafasi ambazo viputo viliziacha. Anayeitoa faneli injini ikiwa na moto na kufunga mfuniko, anaufungia mfumo na pengo ndani yake. Mimi huacha saa mbili, nikirudi mara kwa mara kuona kama kuna cha kuongeza. Siku ile iliingia lita 0.2 nikiwa nimekaa tu.

Utaratibu huu haufai kwa kila gari bila kubadilisha chochote, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Toyota MR2, kwa mfano, ina injini nyuma ya viti na rejeta mbele, hivyo kulanti husafiri kwa mabomba marefu chini ya gari, na ina sehemu zake maalumu za kutolea hewa ambazo ni lazima zifunguliwe. Injini za BMW zenye pampu ya maji ya umeme, kama N52, zina njia nyingine kabisa: unawasha swichi bila kuiwasha injini, unaweka hita kwenye joto la juu na feni yake kwenye kasi ya chini, unakanyaga pedali ya mafuta mpaka chini kwa sekunde kumi, na pampu inajizungusha yenyewe kwa dakika kama kumi na mbili huku ikisukuma hewa kwenye tangi. Wenye kompresa, mashine ya kubana hewa, nao wanaweza kutumia mashine inayonyonya hewa yote kwanza, ikauacha mfumo ukiwa tupu na mipira imenywea, kisha ikafungua njia na kulanti ikavutwa ndani kwa nguvu hiyo. Ni njia nzuri kuliko zote nilizowahi kutumia, na ina faida ya ziada: mshale wake ukishindwa kutulia kabla ya kujaza, ujue kuna mahali panapovuja.

Wakati mwingine viputo havikomi. Nusu saa inapita, saa inapita, mfumo umemeza kiasi chote kilichotoka na zaidi, na bado vinapanda kwa mpigo ulio sawa, vikiongezeka unapokanyaga mafuta. Hapo ni lazima kuacha kuvilaumu viputo vya kujazia. Inawezekana gasketi ya silinda hedi imeachia na gesi ya mwako inaingia kwenye kulanti, na kuendelea kutoa hewa ni sawa na kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Kuna kipimo rahisi cha kuhakikisha hilo: chombo chenye kimiminika cha rangi ya buluu huwekwa juu ya shingo ya rejeta na hewa iliyo humo hupitishwa ndani yake. Kwa injini ya petroli, gesi ya mwako ikiwemo, buluu hugeuka njano. Ni kipimo cha dakika chache, na ningemshauri yeyote akifanye kabla ya kununua themostati ya tatu.

Kulanti iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni hata kwa dakika ambazo hakuna anayeitazama. Ile yenye ethilini glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kali. Mbwa, paka na watoto huweza kuionja. Dumu lenye kifuniko, jina likiwa limeandikwa juu yake, liwe tayari kabla ya kizibo kufunguliwa, na mwisho wake uwe mahali panapopokea mafuta machafu na kemikali za magari, kamwe si mtaroni.

Nikirudi kwenye gari langu la siku ile: baada ya kupoa, nilitoa faneli, nikafunga mfuniko, nikajaza tangi la akiba mpaka katikati ya alama ya chini na ya juu, nikaliendesha kwa dakika ishirini karibu na nyumbani nikiwa na kulanti iliyochanganywa kwenye buti. Hita ilipuliza moto mfululizo. Mshale ulipanda hadi mahali pake ukatulia. Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko na kukuta usawa umeshuka. Niliongeza mililita 150. Mfuniko wa rejeta una vali mbili, moja ya kuachia mgandamizo na nyingine ya kuvuta kulanti kutoka tangi la akiba injini inapopoa, na kila mzunguko wa kupata moto na kupoa huitoa hewa kidogo iliyobaki. Asubuhi ya pili niliongeza mililita 50. Nilichukua kalamu nikajumlisha: 3.9, 0.6, 0.5, 0.2, 0.15 na 0.05. Lita 5.4. Asubuhi ya tatu kulanti ilikuwa imefika shingoni, haijashuka.